Mchezo wa watoto juu ya pombe nyumbani

Wazazi na walimu wa shule ya siku ya Mungu, sikieni. Mtoto ambaye baba au mama yake amefungwa na pombe au lotoko huona haya, naye hunyamaza. Mara nyingi anawaza: "Ni kosa langu." Katika mchezo anaweza kusema kwa kinywa cha mtu mwingine neno asiloweza kusema nyumbani.

Mtoto asicheze habari ya nyumba yake mwenyewe. Msimfanye mlevi kuwa kichekesho, maana watoto wake wameketi pale wanatazama. Mchezo ufundishe maneno matatu: si wewe uliyeleta ulevi, huwezi kumponya mzazi wako, lakini unaweza kumwambia mtu mkubwa unayemtumaini, na kukimbilia kwake usiku wa fujo.

Msionyeshe mlevi anamwaga chupa na kupona mara moja. Mtu anayekunywa sana kila siku, akiacha kwa ghafula, anaweza kutetemeka, kuanguka kama mwenye kifafa, hata kufa. Aletwe kwanza kwa munganga.

Kisha mwalimu akae na watoto, asikilize. Mtoto akimwambia siri, asiitangaze katika maombi ya watu wote. Lakini kama mtoto anapigwa, atafute msaada siku ile ile.