Altaneta ya Gari Ndani ya Ndege

Msomaji anayefuatilia ndege za Van's RV, zile zinazouzwa Oregon, Marekani, zikiwa vipandevipande ili mwenyewe uziunde nyumbani, ameuliza: kwa nini asifunge altaneta ya gari, ambayo ni rahisi kwa bei na vipuri vyake havisumbui?

Hesabu ya ukubwa haina mengi. Jumlisha ampea za redio, skrini, taa na vinginevyo, ongeza za kuchajia betri, umemaliza. Kwa wengi, altaneta ya ampea 40 au 60 inatosha. Swali lenye utamu ni hili: ikiharibika angani, rubani ataizimaje?

Rota ya altaneta ni sumaku ya umeme. Ikizunguka katikati ya koili zilizotulia, huzalisha umeme kwa kanuni aliyoigundua Michael Faraday mwaka 1831. Rota hiyo hula ampea 3 au 4 tu, na koili za nje zikatoa ampea 60. Kidhibiti volti hufungua na kufunga mkondo huo mdogo mara nyingi kwa sekunde, na volti zikabaki 14 na ushei, injini iende taratibu au kasi.

Ni kama jahazi. Upepo ndio wenye nguvu, lakini anayeutawala ni baharia aliyeshika kamba ya tanga, akivuta na kulegeza kila upepo unapobadilika. Sasa kamba ikwame ikiwa imekazwa, na upepo uzidi. Chombo kitalala ubavu, na kumpigia baharia kelele hakusaidii. Inatakiwa kamba ikatwe. Kidhibiti kikiungua huku mkondo wa rota umefunguka wote, volti hupanda hadi zikaunguza redio na skrini.

Hapo ndipo lilipo tatizo la altaneta nyingi za gari. Kidhibiti kimo ndani yake, na kikishaamka hujilisha umeme wa altaneta yenyewe. Swichi ya rubani haikifikii tena. Kukata waya mnene unaotoa umeme wa altaneta nako huzua wimbi la volti linaloweza kuua dayodi zake.

Kidhibiti kikiwa nje, mkondo wa rota hupitia sakiti breka ya ampea 5 kwenye dashibodi. Baada yake hufungwa kifaa ninachokihusudu, ambacho mafundi hukiita mtaimbo. Volti zikivuka 16 hivi, thairista iliyomo hufunguka na kuupeleka mkondo huo moja kwa moja kwenye bodi. Ni shoti ya makusudi! Sakiti breka huruka papo hapo, rota hupoteza usumaku wake, na altaneta hubaki ikizunguka bure. Injini ya Lycoming yenye magneto, zinazojitengenezea cheche bila umeme wa ndege, huendelea kunguruma, na betri hubeba redio mpaka kutua. Mwenye injini ambayo cheche zake hutegemea umeme wa ndege ataongeza altaneta ya pili, hata ya ampea 8.

Basi jibu langu kwa msomaji: altaneta ya gari inafaa, ila mpelekee fundi aondoe kidhibiti cha ndani na kuutoa nje waya wa rota. Kisha nunua kidhibiti cha nje na mtaimbo wake kabla hujanunua skrini.