Trekta Kuukuu kwa Ardhi ya Vilima: Sehemu ya Pili

Katika sehemu iliyotangulia tulipima hesabu ya mtu akodiye trekta kila msimu na hesabu ya yule alinunuaye, tukamwacha msomaji wetu amekwisha kuazimia kununua, ila fedha yake haifikii trekta jipya, na shamba lake haliko katika mbuga iliyo sawa bali limepanda ubavuni mwa kilima. Msomaji wa namna hiyo hapa Ushirombo si mmoja wala wawili. Wilaya yetu ya Bukombe, ambayo mpaka mwaka 2012 ilihesabiwa katika Mkoa wa Shinyanga na tangu hapo i katika Mkoa wa Geita, imepokea watu wengi waliofuata ardhi na dhahabu, na anayetaka ekari mpya leo aghalabu hana budi kupanda juu, penye mawe, vichuguu na pori la miyombo. Huko hakuna udongo wa namna moja. Wasukuma walikwisha kuupa udongo majina kwa kufuata mteremko, luseni juu, itogolo chini yake, na mbuga bondeni, zamani kabla Geoffrey Milne wa kituo cha utafiti cha Amani hajaieneza elimu hiyo miongoni mwa wataalamu wa dunia katika miaka ya 1930; na trekta litakalonunuliwa litakutana na aina zote tatu kwa siku moja, mchanga mwepesi asubuhi, ardhi iliyoshupaa adhuhuri, na tope la kunata jioni.

Kabla ya kutaja aina za trekta, yafaa tukumbuke kisa kilichotokea kusini yetu, katika pori la miyombo kama hili hili, pale Urambo. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza, iliyokuwa na dhiki ya mafuta ya kula baada ya vita, ilianzisha mpango wa kulima karanga katika Tanganyika, huko Kongwa, Urambo na Nachingwea, kwa kadirio la ekari zaidi ya milioni tatu. Matrekta mapya ya kutosha hayakupatikana ulimwenguni, basi yakanunuliwa makuukuu yaliyoachwa na majeshi, mengine yakatolewa Ufilipino, na hata vifaru vya Sherman vikageuzwa matrekta vikaitwa Shervick. Kabla mwaka ule wa kwanza haujaisha, sehemu kubwa ya mashine hizo zilikuwa zimelala, kwa kukosa spea na karakana na madereva waliozizoea. Pale walipofanikiwa kuangusha miti kwa mnyororo wa nanga ya meli uliovutwa na matrekta mawili makubwa, mashina yalilala lakini mizizi ilibaki ardhini, ikavunja majembe. Mpango ulivunjwa mwanzoni mwa 1951, baada ya kumeza kadiri ya pauni milioni 36. Watu husimulia kisa hiki kwa kuwacheka wenye mpango huo, lakini mnunuzi wa trekta kuukuu anayetazama nguvu za farasi na bei, asiulize spea zitatoka wapi wala mashine iliundwa kwa ardhi gani, yuko katika njia ile ile, ila yeye hana hazina ya serikali nyuma yake.

Basi jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba trekta dogo haling'oi pori. Trekta la nguvu za farasi 45 likifungwa mnyororo kwenye kisiki cha mninga au mtundu litavuma, litachimba mashimo kwa magurudumu ya nyuma, na likiendelea kushurutishwa litavunja gia au litamwua dereva. Kazi hiyo ni ya watu wenye sururu na mashoka, na tena ina adabu yake: mti usikatwe kwanza kisha mtu akasumbuke na kisiki, bali uchimbwe ukiwa umesimama, mizizi ya pembeni ikatwe, kisha uvutwe kwa kamba iliyofungwa juu ili uzito wa shina wenyewe ukiinue kisiki kutoka ardhini. Trekta huja baadaye, kukokota magogo, kupasua ardhi na kuvuta tela. Wala isisahauliwe kwamba miti ya porini ina sheria yake, na kibali hutangulia shoka.

Ama kuhusu aina, katika soko letu la mitumba mnunuzi mwenye fedha ya wastani hukutana zaidi na makabila mawili. La kwanza ni Massey Ferguson, hasa ile 135 iliyoundwa tangu 1964 hadi 1975, na ndugu yake mdogo 240, ambayo viwanda vya Pakistani vimeendelea kuiunda miaka mingi. Hizi zina injini ya dizeli ya Perkins yenye silinda tatu, injini ya ukoo mmoja, na hiyo ndiyo fadhila yake kubwa kwetu, kwa sababu pistoni, ringi na nozeli zake zinajulikana na mafundi wa Kahama na Mwanza, hata fundi wa kijijini huifungua bila kitabu. Kabila la pili ni matrekta madogo ya Japani, Kubota, Yanmar na Iseki, yaliyokwisha kutumika huko katika mashamba ya mpunga. Mengi huvuta kwa magurudumu yote manne, hula mafuta kidogo, na ukubwa wake huvutia macho ya mwenye shamba dogo. Nami sina uadui nayo. Ila yaliundwa yawe mepesi yasizame matopeni, na membamba yapite katika vijaruba, na sifa hizo mbili zilizo neema katika mpunga ni balaa ubavuni mwa kilima. Tena aghalabu huja na jembe la kuzunguka, ambalo katika ardhi yenye mizizi na mawe huvunja meno yake yote kabla ya ekari ya kwanza kuisha.

Hapa nataka kukaa kidogo, maana ndipo watu wanapopoteza roho zao. Trekta hupinduka kwa namna mbili. Hupinduka ubavu, pale linapokata mteremko kwa upande, na gurudumu la juu likapanda kichuguu au la chini likaingia shimoni. Kinga yake ni upana: magurudumu ya nyuma ya 135 yaweza kufunguliwa na kufungwa upya hata upana wake ukatoka inchi 48 ukafika inchi 76, na mtu wa vilimani asiyefanya hivyo, kwa uvivu wa nati chache, amejidhulumu mwenyewe. Maji yatiwayo ndani ya tairi mpaka robo tatu nayo huongeza uzito chini, palipo na faida. Namna ya pili ni kupinduka kinyumenyume, nayo ni ya ghafla zaidi: magurudumu ya nyuma yakizuiwa yasizunguke huku injini ikisukuma, pua ya trekta huinuka, na tangu kuanza kuinuka hadi kumfunika dereva hupita muda usiofika sekunde mbili. Kwa sababu hiyo mnyororo haufungwi kamwe kwenye ekseli wala kwenye kiungo cha juu, bali kwenye baa ya kuvutia iliyo chini. Harry Ferguson, aliyebuni mikono mitatu ya kubeba jembe, aliipanga hivyo ili jembe likikwama liielemeze pua chini badala ya kuiinua, lakini hekima yake haimlindi aliyefunga mnyororo mahali pasipo pake. Wasweden walilazimisha fremu ya kumkinga dereva katika matrekta mapya tangu mwaka 1959, na vifo vya kupinduka vikapungua mno. Matrekta yetu makuukuu mengi hayana fremu hiyo, na mnunuzi wa vilimani na atenge fedha ya kuiunda kwa chuma kizito, pamoja na mkanda, kabla ya kutenga fedha ya rangi.

Sasa tulitazame trekta lenyewe. Katika nchi yetu ya dhahabu uliza kwanza lilikofanya kazi, kwa kuwa trekta lililovuta mawe ya machimbo au kuendesha karasha mchana na usiku limechakaa kwa namna ambayo shamba halichakazi. Saa iliyo mbele ya dereva isikudanganye: katika mashine nyingi za zamani huhesabu kwa kufuata mzunguko wa injini, hata trekta lililosimama likiunguruma polepole kutwa nzima huandikiwa saa chache, na mara nyingi waya wake umekatika tangu enzi ya mwenyewe wa kwanza. Fika alfajiri, injini ikiwa baridi. Ukikuta muuzaji amekwisha kuiwasha, rudi kesho. Moshi wa buluu usiokoma ni oili inayoungua, na mvuke mwingi utokao kwenye mdomo wa kutilia oili ni ringi zilizokwisha. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeingiliwa na maji. Kumbuka pia kwamba sisi tuko juu ya bahari kadiri ya meta 1,200, na injini isiyo na turbo hupoteza hapa karibu sehemu ya kumi ya nguvu zake, hivyo iliyochoka Dar es Salaam itachoka zaidi kwetu.

Kisha inama. Trekta halina chesisi kama lori. Injini, giaboksi na ekseli ya nyuma zimefungamana zikawa uti wa mgongo mmoja, na alama ya kuchomelea katika maungio hayo yatosha kukurudisha nyumbani. Inua plau, zima injini, unywe chai. Ukirudi ukaikuta imeshuka chini, haidroliki inavuja ndani. Pedali mbili za breki zijaribiwe moja moja, halafu zifungwe pamoja, na trekta lisimamishwe penye mteremko wa kweli, si uwanjani pa muuzaji. Na kwa yale ya Japani yavutayo kwa miguu minne, pima tairi za mbele na za nyuma, maana wauzaji huzibadili ovyo, na zisipolingana kama kiwanda kilivyokusudia, gia za mbele hupigana na za nyuma mpaka moja ivunjike, na spea yake haipo Kahama.

Kuna ugomvi mmoja ambao hakuna trekta la kuusuluhisha. Usalama wa dereva wataka trekta lipande na kushuka kwa kufuata mteremko, ilhali usalama wa udongo wataka jembe likate mteremko kwa upande ili mvua isifanye kila mfuo kuwa mto. Penye mwinuko mdogo udongo ushinde. Panapopita digrii 15, yaani ardhi ipandayo kadiri ya meta moja kwa kila meta nne, trekta lisilime kabisa. Mahali hapo ni pa ng'ombe wa plau, au paachwe pawe ngitili, yaani malisho yaliyohifadhiwa. Shinyanga imeijua kwa gharama hasara ya kufyeka kila mahali. Katika miaka ya 1920 watemi na watu wao, wakiongozwa na Swynnerton, mtafiti wa mbung'o, walifyeka mapori kwa mashoka ili kuwafukuza mbung'o, na vizazi vilivyofuata vikaendelea kufyeka hata mbung'o walipokuwa hawapo, mpaka mwaka 1986 serikali ikalazimika kuanzisha mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, ili kuirudishia nchi miti.

Kwa hukumu yangu, basi, mwenye fedha ya trekta moja tu hapa Ushirombo na anunue Massey 135 au 240 yenye uti mzima na breki mbili zinazoshika, hata ikiwa rangi imekwisha na kiti kimechanika, na ayapanue magurudumu siku ile ile ya kulifikisha nyumbani. Dogo la Japani limfae yule tu ambaye ardhi yake imekwisha kung'olewa visiki, si ya mteremko mkali, na ambaye ameuona kwa macho yake mlango wa duka liuzalo spea zake. Juma lijalo tutazungumza habari za plau ya sahani mbili na ya sahani tatu, na kwa nini ile ya sahani tatu huwashinda wengi. Wenye trekta tayari na wapime upana wa magurudumu yao, kwa kuwa tutauhitaji katika hesabu.