Raketi peke yake haifungui mlango wa chuo

Mama mmoja alinijia juzi akiwa na mfuko uliojaa vikombe na medali za bintiye. Alivipanga mezani kimoja kimoja, kisha akaniuliza: "Mwalimu, nimwandikie nani huko Marekani amchukue mwanangu?" Binti huyo alikuwa ameshamaliza shule ya upili mwaka mzima uliopita. Sikuwa na jibu la kumfurahisha.

Hapana shaka mama huyu alikuwa na sababu ya kutumaini. Mnamo mwaka wa 1978 Mkenya Henry Rono, aliyekuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, alivunja rekodi nne za dunia kwa siku 81. Tangu zama hizo tumezoea kuamini kwamba kipaji hujitangaza chenyewe. Kwa wakimbiaji, imani hiyo ina msingi. Kwa wachezaji wa tenisi, inawaponza.

Tofauti ni hii: mkimbiaji hupimwa kwa saa. Kocha aliye ng'ambo akisoma dakika na sekunde zake, huelewa papo hapo. Tenisi haina saa. Mchezaji hupimwa kwa wale aliowashinda, na aliyewashinda wenzake wote wa Nairobi bado ni mgeni huko, kwa kuwa hata hao wenzake hawajulikani. Ndiyo maana makocha hutazama orodha ya chipukizi ya Shirikisho la Kimataifa la Tenisi, pamoja na kipimo kiitwacho UTR, ambacho humpa mchezaji nambari kati ya 1 na 16.5 kulingana na matokeo yake na uwezo wa wapinzani wake. Ambaye mechi zake hazikuandikishwa hana nambari, na asiye na nambari ni kama hayupo.

Angella Okutoyi, Mkenya wa kwanza kutwaa taji la chipukizi la Grand Slam, aliposhinda Wimbledon mwaka wa 2022 akiwa na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, jina lake lilikuwa tayari limo katika orodha hizo. Baadaye alijiunga na Chuo Kikuu cha Auburn, Alabama. Lakini ni wazazi wangapi wenye uwezo wa kumsafirisha mtoto hadi Australia na Uingereza?

Je, waliosalia wakate tamaa? La, hasha! Vyuo vya Marekani ni vingi, na havilingani. Katika chama cha michezo cha NCAA, vyuo vya daraja la kwanza na la pili huruhusiwa kutoa ufadhili wa michezo; vya daraja la tatu havitoi, ila mwanafunzi aweza kusaidiwa kwa alama zake au kwa uhitaji wake. Asiyefaa chuo kimoja huenda ndiye anayetafutwa na kingine.

Basi safari ianze angalau miaka miwili kabla ya kumaliza shule. Kijana apigwe video akicheza mechi nzima, si yale mapigo yake mazuri tu. Awaandikie makocha wengi, tena aandike mwenyewe, akitaja matokeo yake, alama zake za darasani na mwaka atakaohitimu. Kocha anataka kumjua mchezaji, si babake.

Masomo nayo yasipuuzwe. Daraja la kwanza hudai masomo 16 ya msingi, yakiwemo Kiingereza, hisabati na sayansi. Mtoto anayetolewa darasani muhula mzima kwa ajili ya mazoezi ananyimwa kile kile anachotafutiwa.

Kisha wapo madalali wanaodai fedha nyingi wakiahidi nafasi. Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Ufadhili hutolewa na chuo, na hakuna dalali awezaye kuuahidi. Mzazi asiuze ng'ombe kwa ajili ya ahadi ya mtu wa kati.

Lakini lawama zote tusiwatwike wazazi. Wasimamizi wa mchezo huu, vilabu na shule wana wajibu ulio wazi: kila shindano la humu nchini, hata la shule, matokeo yake yaandikishwe yanakosomwa na makocha wa ng'ambo. Kazi hiyo ni ya karani, si ya ndege. Kila shule yenye mchezaji bora iwe na mwalimu mmoja anayejua kanuni hizi na kumkumbusha kijana tarehe zake.

Vikombe vya binti yule ni vya haki, alivitolea jasho. Alipokuwa akivishinda, watu wazima tulikaa kandokando ya uwanja tukimpigia makofi, na hakuna hata mmoja wetu aliyeshika kalamu.