Namna ya Kutafuta Makala katika Hazina za Intaneti

Fratri anayeanza kazi yake ya kumaliza teolojia, mara nyingi anafanya hivi: anafungua mashine, anaandika maneno mawili "Kanisa, Kongo", na tazama, kurasa maelfu zinamfikia. Anachukua ile ya kwanza na kuinakili. Siku ya kujibu, profesa anamwuliza: "Nani alisema neno hili? Katika revi gani? Mwaka gani?" Anabaki kimya. Si kwa uvivu siku zote. Pengine hakuna aliyemwonyesha njia. Basi, tuieleze.

Kwanza, tujue tunachotafuta. Gazeti linaleta habari za siku ile. Revi inaleta makala ya wenye elimu, na revi nyingi zinayapima mbele ya kuyachapa. Tukitaka kujua watu walisikia nini siku fulani, tusome gazeti. Tukitaka kujua sababu na maana, tusome revi.

Pili, tujue mahali. Ziko hazina zinazokusanya makala kwa utaratibu, kama biblioteka yenye rafu zake. Persée, iliyofunguliwa mwaka 2005, inatoa bure revi za zamani za Kifaransa. Cairn, ya mwaka ule ule, ina revi mpya zaidi. Makala mengine ni bure, mengine ya kulipa. AJOL, iliyoanza mwaka 1998, inakusanya revi zinazochapwa katika Afrika. Kwa magazeti ya kale iko Gallica, ya Biblioteka ya Taifa la Ufaransa: humo tunasoma matoleo ya zamani ya La Croix, gazeti la kikatoliki lililoanza kutoka kila siku mwaka 1883. Kwa makala ya kulipa, tuulize kwanza mlinzi wa biblioteka kama shule ina ruhusa. Mwenye kuuliza hapotei.

Tatu, tutayarishe maneno kwa karatasi mbele ya kufungua mashine. Megabaiti ni franka, na umeme unaweza kukatika. Mashine haina akili ya kukisia. Inajibu neno tulilolitoa tu. Mtu akitafuta "Lubumbashi" peke yake, atakosa makala mengi ya mwaka 1955, kwa sababu siku zile mji uliitwa Elisabethville, hata mwaka 1966. Vilevile inchi yetu: Kongo ya Wabelgiji toka 1908, Zaïre toka 1971 hata 1997. Basi tuandike majina yote, na katika hazina nyingi tuyaunge kwa neno OU ao OR, maana yake "ao". Maneno yasiyopaswa kutengana tuyafunge ndani ya alama za kunukuu: "théologie africaine".

Nne, tushike alama za makala: mwandishi, jina la makala, jina la revi, buku, mwaka, kurasa. Tutoe mfano. Mwaka 1960, kule Lovanium, Tharcisse Tshibangu, aliyekuwa mwanafunzi bado, alibishana na mwalimu wake Alfred Vanneste juu ya teolojia ya Kiafrika. Wengi wanasimulia mabishano hayo kwa kusikia tu. Lakini makala ya siku hizi yanayoyataja yanatuonyesha mahali pake: Revue du Clergé Africain, buku 15, mwaka 1960, kurasa 333 hata 352. Tukiwa na alama hizo, hata kama mashine haina revi yenyewe, tunaweza kwenda kuitafuta katika rafu za seminari, ambako pengine inalala chini ya vumbi.

Mwisho, tusome makala yote, si mistari ya juu tu. Tukiandika jina la mwandishi tusiyemsoma, tunamshuhudia kwa yale tusiyoyajua, na amri ya nane inatukataza uwongo. Tena leo ziko mashine zinazotunga majina ya makala yasiyokuwako kamwe. Dawa yake ni kutafuta kila makala mpaka tuione kwa macho.

Padri wa kesho atasimama mbele ya waamini na kusema: "Kanisa linafundisha hivi." Watamwamini. Basi ajizoeze toka sasa kujua neno linatoka wapi.