Miti iliyoangushwa na upepo: bei ya gogo si gharama yake

IFAKARA. Kila masika, mvua nzito ikija na upepo, ardhi ya bonde la Kilombero hulainika na miti mikubwa hung'oka na mizizi yake. Mwembe uliolala uani au mninga ulioangukia shamba humfanya mnunuzi aone mali ya bure. Fundi wa kukereza anaweza kutoa humo mabakuli, michi, vinara na matendegu ya vitanda. Hata hivyo, fedha za biashara hii hupotea mahali pawili: kwenye karatasi na kwenye nyufa.

Kuhusu karatasi, mti ulioanguka bado una mwenyewe. Mwembe wa uani ni wa mwenye ua, na mapatano yaandikwe. Mninga, mvule, mkongo na mpingo ni habari nyingine. Chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, kuondoa mazao ya msitu katika hifadhi bila kibali ni kosa, hata kama mti uliangushwa na upepo. Mzigo wa magogo au mbao unaokwenda Morogoro au Dar es Salaam huhitaji hati ya kusafirishia kutoka kwa Wakala wa Huduma za Misitu (TFS). Ndani ya Udzungwa, ambayo ni Hifadhi ya Taifa tangu 1992, hakuna la kununua kabisa. Huko hata ukusanyaji wa kuni kavu ulipigwa marufuku mwaka 2011.

Hasara kubwa zaidi ni ile isiyoonekana siku ya kununua. Gogo bichi limejaa maji, nayo hutoka haraka zaidi kwenye ncha kuliko ubavuni. Ncha husinyaa kwanza, mti hupasuka. Anayeliacha gogo juani wiki mbili akisubiri lori atakuta nyufa zimeingia ndani. Dawa yake ni rahisi: ncha zipakwe nta au rangi ya mafuta siku ileile ya kukata, gogo liwekwe kivulini juu ya magadi, wala lisikatwe vipande vifupi kabla fundi hajawa tayari. Wakati wa kupasua, kiini cha katikati kitolewe, maana nyufa nyingi huanzia hapo.

Tuchukulie mfano. Gogo, chenso na usafiri vimegharimu shilingi 180,000 na kutoa vipande 60 vya mabakuli. Kila kimoja ni shilingi 3,000. Vikipasuka 20, vilivyobaki vimefikia shilingi 4,500 kabla ya fundi kulipwa. Kopo la rangi ni nafuu kuliko hapo.

Fundi mzoefu hukereza bakuli mara mbili. Kwanza, mti ukiwa mbichi, huacha ukuta mnene, kama sehemu moja ya kumi ya upana: bakuli la sentimita 25 huachiwa sentimita mbili na nusu. Hukaushwa kivulini kwa miezi kadhaa, likipimwa kwenye mizani. Uzito ukiacha kupungua, hurudi kwenye mashine. Mtaji umelala muda wote huo, na anayekopa kwa riba ya mwezi afanye hesabu mapema.

Mninga husinyaa kidogo na kusamehe makosa. Mpingo hukauka polepole mno. Mvule wakati mwingine huficha mawe ya chokaa yanayoharibu patasi, na vumbi lake huwasha. Mwembe huingiwa haraka na fukusi na madoa ya kijivu, hivyo haungoji.

Anayewaza soko la nje akumbuke kuwa mpingo umo katika orodha ya CITES tangu 2017, na mkutano wa Panama wa mwaka 2022 uliongeza mninga na mkongo. Kwa soko la ndani, mnunuzi wa jumla aje na mizani: bakuli lililo zito kuliko mengine ya mti na ukubwa uleule bado lina maji, na litapasukia dukani kwake.