Kodi Haijafichwa Uswisi

Sehemu kubwa ya kodi ambayo nchi za Afrika hupoteza kupitia maficho ya kodi haijawahi kulala katika akaunti ya siri ya benki ya Uswisi. Hupotea mchana, ofisini: katika ankara iliyogongwa muhuri, mkataba wa mkopo uliotiwa saini na wakurugenzi wa pande zote mbili, na hesabu zilizokaguliwa zikapewa hati safi. Ndiyo maana swali ambalo mtaalamu wa kodi huulizwa kila anaposimama mbele ya watu, kwamba fedha za Uswisi zitarudi lini na waliozificha watatajwa lini, halina jibu la maana. Ni kumuuliza fundi bomba maji ya jana yamekwenda wapi, ilhali koki bado iko wazi.

Swali lenyewe lina asili yake. Mwaka 2008 waziri mmoja wa Tanzania alijiuzulu baada ya kubainika kwamba ana zaidi ya dola milioni 1 katika akaunti kisiwani Jersey. Alipobanwa na waandishi wa habari aliziita vijisenti, na neno hilo limeishi mdomoni mwa watu kuliko suala lililolizaa. Novemba 2012 Bunge likajadili hoja binafsi ya mbunge Zitto Kabwe kuhusu fedha zilizofichwa nje, Uswisi ikitajwa kuliko nchi nyingine yoyote. Tangu hapo mjadala umekuwa wa majina: ni nani, ana kiasi gani, atajwe. Wanaotetea njia hiyo hutoa mfano wa Nigeria, na mfano huo ni wa kweli. Desemba 2017 Uswisi ilikubali kurudisha dola milioni 321 za mali ya mtawala wake wa zamani, Sani Abacha. Wasichosema ni kwamba Abacha alikufa mwaka 1998. Miaka 19 baadaye, makubaliano hayo yalileta kiasi ambacho hakiendeshi nchi kubwa kama Nigeria hata kwa wiki chache, na kilichorudi ni kile kilichoibwa na mtu mmoja ambaye hayupo tena kujitetea.

Ukubwa wa tatizo unaonekana mahali pengine. Jopo lililoongozwa na Thabo Mbeki, rais wa zamani wa Afrika Kusini, lililoundwa chini ya Umoja wa Afrika na Tume ya Uchumi ya Umoja wa Mataifa kwa Afrika, lilitoa ripoti yake mwaka 2015 na kukadiria kwamba bara linapoteza zaidi ya dola bilioni 50 kwa mwaka. Katika mgawanyo ulionukuliwa na ripoti hiyo, takriban asilimia 65 hutokana na shughuli za biashara, asilimia 30 na uhalifu, na asilimia 5 tu na rushwa. Makadirio ya kitu kinachojificha huwa na walakini, na wachumi wamebishana sana juu ya haya. Lakini pengo kati ya 65 na 5 halizibwi kwa kusahihisha hesabu. Wananchi, magazeti na wabunge wametumia miaka yote hii kuifukuza ile 5.

Hata kwa wenye kuficha akaunti kweli, picha ya sanduku la Uswisi imepitwa na wakati. Tangu 2017 nchi na maeneo zaidi ya 100 yamekuwa yakijiunga na mfumo wa kupashana habari za akaunti kila mwaka bila kusubiri kuombwa, na Uswisi yenyewe ilianza kupeleka taarifa mwaka 2018. Nchi nyingi za Afrika hazipati taarifa hizo kwa sababu hazijajiunga au hazijatimiza masharti ya kulinda siri za data. Kosa hilo si la benki ya Zurich. Anayetaka maficho leo huandikisha kampuni Marekani. Nchi hiyo, kwa sheria yake ya mwaka 2010, hulazimisha benki za dunia nzima kuripoti Wamarekani, lakini mfumo ule wa wengine haijauingia. Jengo moja lisilo na ghorofa, namba 1209 North Orange Street mjini Wilmington, Delaware, imewahi kuwa anwani ya kampuni zaidi ya 285,000. Katika orodha ya usiri wa fedha ya mwaka 2022, inayotolewa na mtandao wa wanaharakati wa Tax Justice Network, Marekani ilikuwa ya kwanza duniani. 

Sasa ile 65. Chukua shamba la maua linalomilikiwa na kampuni ya nje. Kupanda, kuchuma na kusafirisha shina moja kunagharimu shilingi 80, na sokoni Ulaya shina hilo huuzwa kwa 120. Faida ni 40. Kwa asilimia 30, kiwango cha kodi ya makampuni Kenya na Tanzania, hazina inapaswa kupata 12. Shamba, hata hivyo, haliuzi Ulaya. Linaiuzia kampuni ndugu iliyoandikishwa mahali ambapo kodi ni sifuri, kwa shilingi 90, na ndugu huyo ndiye anayeuza kwa 120. Maua yenyewe hayafiki huko. Yanapanda ndege moja kwa moja hadi Amsterdam. Kinachofika ni karatasi. Faida ya nyumbani imebaki 10. Kisha ndugu wa pili, aliyelikopesha shamba mtaji, anadai riba ya 5, na wa tatu, anayemiliki jina la biashara, anadai mrabaha wa 3. Zimebaki shilingi 2, na kodi yake ni senti 60.

Polisi wakipekua kila benki ya Uswisi hawatakuta zile shilingi 11 na senti 40, kwa sababu hazikuwahi kuwa fedha za mtu aliyezikimbiza. Zilikuwa kodi ambayo haikuzaliwa. Hakuna jina la kutaja. Majina yote yako kwenye hesabu za kampuni, na pengine hesabu hizo ziko kabatini mwa mamlaka ya mapato tayari.

Sheria inataka kampuni ndugu ziuziane kwa bei ambayo wasiohusiana wangeuziana. Kanuni hiyo inafaa sana kwa mahindi, ambayo bei yake inajulikana katika soko la Kibaigwa, Tanzania, kila asubuhi. Kwa nembo ya biashara, programu ya kompyuta au kile kinachoitwa huduma za menejimenti, hakuna soko la kulinganisha, maana hakuna mtu mwingine anayeviuza. Afisa kodi mwenye miaka mitatu kazini hupewa ripoti nene iliyoandaliwa na kampuni ya ushauri ya kimataifa ikithibitisha kwamba bei ni halali, na analazimika kutafuta ushahidi wa kuipinga katika nchi ambazo haziruhusu afungue hata daftari.

Na bado kampuni hushindwa mahakamani katika kesi hizi, zikichukuliwa kwa uzito. Mei 2020 Mahakama ya Juu ya Zambia iliiamuru kampuni ya migodi ya Mopani ilipe kodi ya kwacha takriban milioni 240, baada ya mamlaka ya mapato kueleza kwamba kati ya 2006 na 2009 ilikuwa ikiuza shaba kwa bei ya chini mno kwa ndugu yake, Glencore. Ndugu huyo aliyenunua alikuwa Uswisi. Kwa hiyo Uswisi imo katika habari hii, ila kama ofisi ya wauza shaba, na waliokuwa wakiiangalia benki hawakuiona.

Baada ya bei za kampuni ndugu, mlango wa pili ni mikataba ya kuepuka kutoza kodi mara mbili. Jina linapendeza, na kwa biashara kati ya nchi mbili zenye kodi kamili mikataba hiyo ina kazi yake. Ikisainiwa na nchi isiyotoza kitu, kinachoepukwa ni kutozwa hata mara moja. Nchi inayotoa rasilimali huahidi kupunguza kodi ya zuio kwenye gawio, riba na mrabaha, au kutotoza kodi ya faida ya kuuza hisa. Upande wa pili nao hautozi. Kampuni ya mafuta ya Heritage ilipokuwa inauza visima vyake vya Uganda mwaka 2010 kwa dola bilioni 1.45, ilihamisha usajili wake kutoka Bahamas kwenda Mauritius, nchi yenye mkataba na Uganda. Nyaraka za Panama, zilizofichuliwa mwaka 2016, zilionyesha kwamba kodi ndiyo iliyokuwa sababu ya safari hiyo. Uganda ilidai zaidi ya dola milioni 400, na ikazipata baada ya mashauri ya Kampala na London. Iwapo ingekubali kwamba kuhamisha karatasi ni kuhama, isingepata kitu.

Kenya ilisaini mkataba wake na Mauritius mwaka 2012. Mtandao wa Kiafrika wa wanaharakati wa haki ya kodi, wenye makao Nairobi, ukaenda mahakamani mwaka 2014. Machi 2019 Mahakama Kuu iliutangaza mkataba kuwa batili, na magazeti yakashangilia. Wachache walisoma hukumu: ulianguka kwa sababu haukufikishwa bungeni kama sheria inavyotaka, si kwa sababu yaliyomo yalikuwa mabaya. Mwezi uliofuata serikali ilisaini mkataba mwingine.

Dawa mbili za mitaani zinastahili kutajwa, moja moja na kwa ufupi. Ya kwanza ni kuwafunga wakurugenzi, jambo lisilowezekana pale ambapo mkataba, sheria ya uwekezaji na cheti cha msamaha wa kodi vyote vimetiwa saini na serikali yenyewe. Ya pili ni kushusha kodi hadi wawekezaji wasione haja ya kukimbia. Hii ndiyo inayopendwa mawizarani. Kigali imeanzisha kituo cha fedha cha kimataifa chenye kiwango cha asilimia 3 kwa baadhi ya kampuni za kumiliki hisa, na Nairobi imeanzisha chake. Anayeshindana na sifuri kwa kushusha bei hawezi kushinda, kwa kuwa Visiwa vya Cayman vimekwisha kufika huko miaka mingi iliyopita, tena havina shule wala barabara za mamilioni ya watu za kugharimia.

Yanayowezekana ndani ya nchi yanajulikana. Kuweka kikomo cha riba inayoruhusiwa kukatwa, kama Kenya ilivyofanya kwa asilimia 30 ya faida kabla ya riba, kodi na uchakavu. Kutumia bei ya soko la dunia kwa madini na mazao yanayotangazwa bei, bila kubishana ankara kwa ankara. Kuifanya rejista ya wamiliki manufaa, yaani watu wanaonufaika hasa na kampuni, iwe wazi. Kenya na Tanzania zimeiweka kisheria tangu 2020, lakini mwananchi hawezi kuipekua. Kudai taarifa za mapato, wafanyakazi na kodi za kampuni kwa kila nchi zichapishwe. Kwa sasa nyingi huenda kwa siri kwa mamlaka ya nchi ya kampuni mama. Kujadili upya mikataba: Rwanda ilifanya hivyo na Mauritius mwaka 2013 na kurejesha kodi ya zuio ya asilimia 10, Senegal na Zambia zilijitoa kabisa katika mikataba yao na kisiwa hicho.

Kinachobaki kinahitaji meza ya dunia. Oktoba 2021 nchi 136 kati ya 140 zilizokuwa katika mazungumzo yaliyosimamiwa na OECD, jumuiya ya nchi tajiri, zilikubali kiwango cha chini cha kodi cha asilimia 15 kwa kampuni zenye mapato ya zaidi ya yuro milioni 750. Kenya na Nigeria zilikataa kutia saini wakati huo. Nchi isipojiwekea kodi yake ya kujazia, tofauti hukusanywa kwanza na nchi ya kampuni mama, yaani faida iliyotoka Lubumbashi hutozwa Ulaya. Juni 2025 kundi la G7 liliafiki kuziondoa kampuni za Marekani katika sehemu kubwa ya mpango huo.

Nchi za Afrika, zikiongozwa na Nigeria, zilikwisha kupeleka suala Umoja wa Mataifa. Novemba 2023 azimio la kuandaa mkataba wa kodi lilipata kura 125, na 48, nyingi za nchi tajiri, zikapinga. Hadidu za rejea zilipitishwa Desemba 2024 kwa kura 119 dhidi ya 9, Uingereza, Japani na Marekani zikiwa miongoni mwa hizo 9. Marekani ilitoka katika mazungumzo Februari 2025. Novemba mwaka huo yalihamia Nairobi, na yanatakiwa kukamilika mwaka 2027. Pamoja na mkataba mkuu zinaandikwa itifaki mbili: moja ya utatuzi wa migogoro ya kodi, nyingine ya kuamua nani atoze kodi huduma zinazouzwa kuvuka mipaka, hata muuzaji asipokuwa na ofisi wala meza katika nchi ya mnunuzi.