Asali ya Bibi, Togwa ya Wajukuu

Bibi mmoja wa Bombambili, hapa Songea, alinijia akiwa na chupa ya asali mkobani. Tangu aambiwe ana kisukari hajagusa sukari ya dukani. Chai yake anaitia asali ya porini kutoka upande wa Tunduru, vijiko vitatu kwa kikombe. “Hii ni ya asili, mwanangu, haina kemikali,” aliniambia. Tulipopima damu, sukari ilikuwa juu vilevile.

Maneno hayo nimeyasikia mara nyingi, na kila mara yananiuma, kwa kuwa anayeyasema amejitahidi kwelikweli. Neno “asili” ndilo linalompoteza. Muwa nao ni mmea wa asili. Asali sehemu yake kubwa ni fruktosi na glukosi, na sukari guru ni maji ya muwa yaliyochemshwa hadi yakaganda. Vyote viwili vikishuka tumboni huishia damuni kama sukari. Mgonjwa wa kisukari ana swali moja la kuuliza: utamu huu nikishaumeza, unageuka nini?

Jikoni kwetu tunao mfano mzuri. Mpishi wa togwa anaweza asitie hata punje ya sukari, na bado uji wake mzito wa mahindi ukawa mtamu na mwepesi. Kazi hiyo inafanywa na kimea. Ulezi unalowekwa, unaachwa uchipue siku mbili tatu, unaanikwa juani, kisha unasagwa. Punje inapochipua hutengeneza vimeng’enya vya kuvunja wanga ili mche mchanga upate chakula, nasi tunaviazima. Kimea kikitiwa kwenye uji uliopoa ukawa vuguvugu, kinaukata wanga vipande vipande, na vingi vya vipande hivyo ni maltosi, yaani glukosi mbili zilizoshikana. Kikitiwa uji ukiwa bado unatokota, vimeng’enya vinaharibika na uji unabaki mzito kama ulivyokuwa. (Wanaotumia mtama badala ya ulezi waviondoe vichipukizi kabla ya kusaga, maana vina kiini cha sumu ya sianidi.)

Miaka ya 1980 wataalamu wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania na wenzao wa Sweden walionyesha kwamba unga kidogo wa kimea hulainisha uji mzito wa mtoto bila kuongeza maji, kwa hiyo kila kijiko kinabeba chakula zaidi. Kwa mtoto anayekua hiyo ni hazina, na ningependa kila mama wa Songea aijue. Ila maltosi hugeuka glukosi upesi sana mwilini. Bibi yetu akinywa togwa kwa kuamini kuwa haina sukari, anarudi palepale pa asali.

Stevia ni habari nyingine. Ni mmea mdogo wa jamii ya alizeti, asili yake Paraguay, ambako Waguarani wameyatumia majani yake kutia utamu vinywaji kwa karne nyingi. Mwaka 1899 Moisés Bertoni, mtaalamu wa mimea mzaliwa wa Uswisi, aliueleza kisayansi. Mwaka 1931 wakemia wa Ufaransa wakaitenga steviosidi, kimojawapo cha viambato vyake vitamu, na miaka ya 1970 Japani ikaanza kuitumia kwenye vyakula vya viwandani. Kwa majirani zetu Kenya, wakulima wadogo wa Kericho wameilima kwa ajili ya kampuni ya PureCircle.

Viambato hivyo vya stevia ni vitamu mara 200 hadi 300 kuliko sukari. Kila kimoja ni kiini kiitwacho steviol kilichobebeshwa glukosi kadhaa. Vimeng’enya vyetu haviwezi kuzing’oa glukosi hizo. Bakteria wa utumbo mpana ndio wanaozing’oa, na wanazila wao wenyewe. Steviol inayobaki hupita kwenye ini na kutoka kwa mkojo, wala haipandishi sukari ya damu. Mwaka 2008 kamati ya wataalamu ya FAO na Shirika la Afya Duniani iliweka kikomo cha miligramu 4 za steviol kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Kwa mtu wa kilo 60 huo ni utamu wa zaidi ya vijiko 20 vya sukari, si rahisi kuufikia. Lakini kikomo hicho kinahusu dondoo lililosafishwa, hakihusu majani yaliyopondwa nyumbani.

Pakiti nazo zisomwe nyuma. Kwa kuwa stevia tupu ni kidogo mno kuchotwa kwa kijiko, baadhi ya viwanda huijaza dekstrosi au maltodekstrini, na hizo ni sukari na wanga. Aidha, Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri watu wasitegemee vitia utamu visivyo sukari, stevia ikiwemo, kwa ajili ya kupunguza uzito. Ushauri huo hauwahusu wenye kisukari tayari.

Wapo wanaouliza kama stevia itastawi Songea. Mbegu zake huota kwa shida, hivyo hupandwa kwa vipandikizi. Haivumilii ukame, na ikichanua utamu wa majani hupungua, kwa hiyo huvunwa kabla ya maua. Mvua zetu hukatika kati ya Aprili na Mei, na asiye na maji ya kumwagilia hadi Novemba ataipoteza. Mimi nisingepanda hata robo eka kabla ya kumjua mnunuzi.

Bibi nilimwambia asali awaachie wajukuu, isipokuwa aliye chini ya mwaka mmoja, huyo asionjeshwe kabisa. Hakufurahi. Tukakubaliana ashuke polepole: wiki hii vijiko viwili, wiki ijayo kimoja, baadaye chai tupu yenye mchaichai na tangawizi. Wiki ya pili alirudi kupima, na chupa hakuja nayo.